Ufufuaji wa televisheni za kale (Kisii na Nyamira)

Ufufuaji wa televisheni za kale ni ufundi wa kuzirejeshea uhai televisheni za tyubu, ambao katika kaunti za Kisii na Nyamira, nchini Kenya, hufanyika aghalabu katika karakana ndogo za nyumbani.

Matangazo ya televisheni yalianza Kenya mwaka 1962, na ya rangi mwaka 1978; na kwa kuwa umeme ulichelewa kufika vijijini, televisheni nyingi za awali huko zilikuwa ndogo, za picha nyeusi na nyeupe, zikiendeshwa kwa betri ya gari ya volti 12. Mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015, zote zilihitaji king'amuzi.

Maadui wakubwa wa televisheni hizo katika milima ya Gusii ni radi na unyevu. Fundi mwenye hadhari, maadamu tyubu ya rangi hutumia volti zaidi ya 20,000 na huweza kuhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, huanza kwa kuiondoa chaji hiyo kwa bisibisi iliyofungwa waya wa ardhi, akiipenyeza chini ya kifuniko cha mpira cha tyubu. Kisha hupangusa vumbi, hutafuta kapasita zilizovimba, na hulehemu upya viungo vilivyopasuka. Mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo humdhihirishia kwamba saketi inayoitandaza picha wima imekufa.

Tyubu ikivunjika, mbadala wake ni adimu mno. Kwa hiyo kila televisheni iliyofufuliwa ni amana yenye thamani.