Dawa za mitishamba za kukata hamu ya kula: zipi zina ukweli, zipi ni hatari

Binti wa jirani yangu alikuwa amebakiza wiki sita kufunga ndoa na gauni lilikuwa halimfungi. Akaagiza kwa simu chupa ya vidonge vilivyoandikwa kuwa ni mitishamba asilia, vinakata njaa siku ile ile. Na kweli, njaa ilikatika siku ile ile. Siku ya nne alikuja kwangu mdomo umemkauka, hajapata usingizi siku mbili, na moyo unamwenda mbio hali ameketi.

"Lakini Bi Mkubwa, si ni majani tu?" akaniuliza.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka mingi, na swali hilo nimelisikia kwa kina mama, kwa vijana, hata kwa wazee wenye vitambi. Sisi watu wa pwani tumelelewa na habasoda, tangawizi na mdalasini, kwa hivyo neno "mitishamba" likiandikwa kwenye chupa tunaona kama tumeshahakikishiwa. Ila hata muguka ni majani. Anayeutafuna hasikii njaa mchana kutwa, kwa sababu ndani yake mna kathinoni, kitu cha jamii moja na amfetamini, ambacho huchochea ubongo na moyo. Mti unaweza kukata hamu ya kula. La kuuliza ni unaikataje.

Kwa jumla njia ni mbili. Iko mitishamba inayojaza tumbo, na iko inayodaiwa kuuambia ubongo kwamba umeshiba.

Ya kujaza tumbo ndiyo ninayoiamini, japo kidogo. Uwatu tunaoujua sote, ukiuroweka usiku, asubuhi umefura na kutoa ute. Ute ule ni nyuzinyuzi, na ukifika tumboni chakula hukawia kutoka, nawe unashiba mapema. Katika jaribio moja dogo, watu 18 wanene walipewa gramu 8 za nyuzinyuzi za uwatu pamoja na chakula cha asubuhi, wakahisi shibe zaidi kuliko siku ambazo hawakupewa. Maganda ya isabgol hufanya kazi hiyo hiyo. Glukomanani, inayotokana na kiazi cha konjac cha Asia, ndiyo iliyokubaliwa na mamlaka ya chakula ya Ulaya kwamba husaidia kupunguza uzito: gramu 3 kwa siku, zikigawanywa mara tatu kabla ya kula, kila mara na glasi moja au mbili za maji, na kwa mtu ambaye tayari amepunguza chakula. Hilo la mwisho wauzaji hulimeza. Na ukinywa unga wa nyuzinyuzi bila maji ya kutosha, unaweza kufura ukakukaba kooni.

Upande wa pili una hadithi tamu zaidi. Hoodia ni mmea wa miiba wa jangwa la Kalahari, ambao Wasani waliutafuna wakienda mawindo marefu ili wasisikie njaa na kiu. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikachukua hataza, na mwaka 2003 ikatia saini makubaliano ya kugawana faida na Wasani wenyewe. Pfizer waliushika mradi wakauacha. Unilever nao wakauchukua, wakauacha mwaka 2008. Matokeo ya jaribio la wanawake 49 yalipotoka mwaka 2011, waliokula hoodia kwa siku 15 hawakupunguza chakula wala uzito kuliko wenzao waliopewa dawa bandia, na presha zao na mapigo ya moyo vilipanda. Vidonge vyenye jina hilo vingali vinauzwa.

Garcinia nayo ni ukwaju wa Malabar, ndugu wa mbali kwa ladha wa ukwaju wetu, na Wahindi huutia kwenye mchuzi wa samaki. Mwaka 1998 ulijaribiwa Marekani kwa watu 135, wiki 12, wote wakiwa kwenye mlo uliopunguzwa. Waliopewa Garcinia walipungua kwa wastani kilo 3.2. Waliopewa vidonge bandia walipungua kilo 4.1. Kilichowapunguza ni mlo. Tangu hapo kumeripotiwa watu walioharibika ini baada ya kutumia bidhaa zake.

Sanamaki sitaikalia sana. Haikati hamu, inaharisha. Mizani ikishuka ni maji yametoka, na ukizoea unapoteza madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji.

Sasa turudi kwa bi harusi wetu. Hakuna jani la dukani kwetu linalomaliza njaa siku moja hivyo. Mdomo mkavu, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio: hizo ni dalili zinazojulikana za sibutramini, dawa ya kiwandani iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kuzidisha mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vya "asilia" katika nchi mbalimbali. Kama ilikuwamo kwenye chupa yake siwezi kuapa, maana haikupimwa maabara. Lakini nilimwambia aache saa ile ile, na nikampeleka kliniki yeye na chupa yake mkononi.

Kwa hivyo mtu akikuletea chupa, tazama kwanza kama imeandikwa vitu vyote vilivyomo na kiasi chake, na nani ametengeneza. Tafuta namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, na muulize mfamasia kama ni ya kweli. Kinachofanya kazi haraka mno kishuku zaidi, usikisifu. Mwenye sukari anayetumia dawa azungumze na daktari kabla ya kuanza uwatu, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda vivyo hivyo. Nyuzinyuzi zozote zitengane na dawa zako kwa saa mbili hivi, zisije zikazizuia kuingia mwilini. Mja mzito na anayenyonyesha asiguse dawa ya kupunguza mwili hata kama shoga yake kaitumia akapendeza.

Moyo wa binti ulitulia baada ya siku tatu. Gauni tulilipeleka kwa fundi, akalilegeza inchi mbili kiunoni, na hakuna mgeni hata mmoja aliyejua.