TUMAINI NA NJOZI TUPU



Tarehe 15 Mei 1525, karibu na mji wa Frankenhausen huko Ujerumani, maelfu ya wakulima walisimama kilimani pamoja na mhubiri Thomas Müntzer, wakidai kuondolewa nira ya makabaila. Yasimuliwa kwamba upinde wa mvua ulionekana angani, nao wakaufanya kuwa ishara ya ushindi, kwani bendera yao ilikuwa na alama hiyo hiyo. Makabaila walikuwa na mizinga na wapanda farasi. Wakulima waliuawa kwa maelfu, na Müntzer akakatwa kichwa siku chache baadaye.

Mwaka 1921 mwanafalsafa wa Kimarx, Ernst Bloch, aliandika kitabu juu ya Müntzer. Hakuwacheka wakulima wale. Aliona kwamba madai yao hayakufa pamoja nao, bali ni deni lililobakia kwa vizazi.

Bloch alimkimbia Hitler mwaka 1933. Akiwa Marekani aliandika kitabu chake kikubwa juu ya tumaini, kilichotolewa kwa majuzuu matatu kati ya 1954 na 1959. Humo alitenga njozi tupu, isiyopima hali ya mambo, na njozi ya kweli, inayotafuta yawezekanayo na kuyafanyia kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Askari anajua hayo: kamanda asiyepima nguvu za adui hupoteza watu wake. Lakini jeshi lijualo kuhesabu risasi tu, lisijue lapigania nini, nalo halifiki mbali. Bloch alidai yote mawili: hesabu iliyo baridi na moyo ulio moto.

Naye alijaribiwa. Mwaka 1949 alikwenda kufundisha Leipzig, Ujerumani Mashariki, akitumaini kuona ujamaa ukijengwa. Mwaka 1957 wakuu wa huko walimstaafisha kwa nguvu kwa sababu ya fikra zake. Ukuta wa Berlin ulipoanza kujengwa Agosti 1961, alikuwa safarini upande wa magharibi, wala hakurudi. Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Tübingen, aliuliza: je, tumaini laweza kuvunjika? Akajibu kwamba laweza, kwani lisiloweza kuvunjika si tumaini. Hata hivyo hakuliacha mpaka alipofariki mwaka 1977.

Ukuta ule ulilindwa na askari wenye silaha na nidhamu, lakini tarehe 9 Novemba 1989 ulifunguliwa. Wakulima wa Frankenhausen walikuwa na tumaini bila nguvu. Walinzi wa ukuta waliachiwa nguvu ambayo tumaini lilikwisha kuihama. Basi, ndugu zetu mlio zamu usiku huu, bunduki yaweza kulinda mpaka wa nchi. Tumaini la wananchi hulindwa kwa kuwasikiliza.