Bwawa Ndani ama Nje? Pwani Walijenga Yote Mawili Kabla Yetu

Jumamosi iliyopita tulikuwa juu ya paa la ploti yetu hapa Huruma, mimi na mbogi, tukingoja maji yafunguliwe. Mitungi ilikuwa imepanga foleni hadi kwa ngazi. Kukaa bure huleta maneno, kwa hivyo mmoja wetu akauliza: siku ukiomoka ujenge kwako, bwawa la kuogelea utaliweka ndani ya nyumba ama nje? Maze, ikawa vita.

Wa nje walisema jua, nyama choma na picha. Wa ndani walisema neno moja tu: Julai. Na wako na hoja, kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji ya nje mwezi wa saba si mchezo. Tena bwawa la nje hupoteza maji kwa jua na upepo kila siku, na majani na vumbi vinaingia bila kubisha hodi. La ndani hushika joto, lakini mvuke wake lazima utolewe kwa mashine, la sivyo ukuta unaota kuvu na vyuma vinashika kutu. Hiyo bili ya stima ni ya watu wengine.

Mimi nilinyamaza kidogo. Kabla karo inishinde niache kampasi, nilikuwa nasoma historia, na kuna ramani moja haijawahi kunitoka kichwani: ramani ya Husuni Kubwa.

Hilo ni jumba la kifalme Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Pesa ilikuwa imejaa, sababu dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa. Lina vyumba zaidi ya 100, liko juu ya mwamba unaoangalia bahari, na katika ua wake mmoja kuna bwawa la pembe nane, wazi kabisa juu. Yaani miaka karibu 700 iliyopita kuna Mswahili alichagua la nje, tena na vyu ya bahari! Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akasema sultani huyu aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa vile alivyokuwa mkarimu. Lakini watafiti wanaamini jumba lenyewe halikuwahi kukamilika, na halikukaliwa kwa muda mrefu.

Sasa ruka hadi Zanzibar, 1850. Sultani Said anajenga hamamu ya Kidichi, kilimani nje ya mji, kwa ajili ya mke wake kutoka Uajemi. Hii ni ya ndani: kuba juu, kuta nene, nakshi za maua na ndege zilizochongwa kwa mtindo wa kwao. Ilikuwa siri yao wawili. Nje ya kuta hizo kulikuwa na mashamba ya mikarafuu, na waliofanya kazi humo walikuwa watumwa.

Ukiangalia vizuri, wa nje alitaka aonekane na wa ndani alitaka asionekane. Lakini swali ambalo mbogi yetu ilisahau, hata sisi tulioshika mitungi mkononi, ni hili: nani alileta maji? Bwawa halijijazi. Kuna mgongo wa mtu hapo.

Tupige hesabu ya mtaa. Bwawa dogo la nyumbani, mita 8 kwa 4, kina mita 1.5, linameza lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20. Mtungi ukiwa shilingi 10, ni 24,000 kabla hujaloweka hata kidole. Na sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika 1994. Bomba ni la jiji moja, lakini kuna geti maji hufika kila siku na kuna ploti tunahesabu siku.

Halafu maji hayohayo tunayoyangoja yanaweza kutuua. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipita Mathare usiku yakabeba nyumba na watu. Mimi nina miaka 22, nimezaliwa karibu na mto, na sijui kuogelea. Wengi kwa hiyo paa hawajui pia.

Ndiyo maana mtu wangu katika hii stori si al-Hasan wala Said. Ni Barghash, mtoto wa Said, aliyetawala 1870 hadi 1888. Alivuta maji ya bomba hadi Mji Mkongwe, na akajenga hamamu ya Hamamni ambayo watu wa mji waliweza kuingia. Alikuwa sultani bado, msinichape, na hakuwa malaika. Lakini yeye alijenga nje ya geti lake.

Kwa hivyo nikiomoka, jibu langu ni hilo. Liwe na paa, lisiwe na paa, fundi atanishauri. Ila liwe mahali mtoto wa Huruma anaweza kufunzwa kuelea kabla mto haujamfunza kwa nguvu.

Wewe je, ndani ama nje? Na kabla ujibu, sema maji utatoa wapi.