Kufuata Mstari Mwekundu

Katika mtaa wa Kinanira, kusini mwa Bujumbura, kama kwingineko Burundi, malaria huthibitishwa kwa tone la damu. Muuguzi hulitia kwenye kipimo cha haraka cha malaria, huongeza matone ya dawa yake, husubiri robo saa. Ukitokea mstari mwekundu wa pili, vimelea vimo.

Aghalabu wekundu ule ni dhahabu. Ni chembe za nanomita 40 hivi. Ukizipanga 25,000 zitajaza milimita moja tu. Zimevikwa kingamwili zinazonasa protini ya kimelea cha Plasmodium falciparum. Zikishaibeba, hukwamishwa na kingamwili nyingine zilizotandazwa kwenye ukanda wa kipimo, zikarundikana hadi jicho likaona rangi.

Nimeifuata njia ya mstari huu kinyumenyume. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Burundi ilikuwa imetoka kwenye msiba. Kuanzia mwishoni mwa 2000 hadi 2001 malaria ilipanda milima ya Kayanza, Ngozi na Karuzi, ikawakuta watu wasio na kinga. Wagonjwa walipita milioni 3 katika nchi ya watu wasiofika milioni 7. Klorokwini ilikuwa imeshindwa, na mwaka 2003 nchi ikahamia dawa mseto, ambayo haifai kutolewa kwa kubahatisha.

Nyuma zaidi, mwaka 1971, Page Faulk na Malcolm Taylor walifunga kingamwili kwenye chembe za dhahabu ili waone bakteria kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1951, Marekani, John Turkevich na wenzake walikuwa wameonyesha jinsi ya kupata chembe zinazolingana: kuchemsha myeyusho wa chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati. Na mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie alikuwa ameeleza kwa hesabu kwa nini chembe hizo ni nyekundu.

Njia inanifikisha London, Februari 1857. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alieleza mbele ya Royal Society alivyopata kimiminika chekundu kwa kutia fosforasi kwenye myeyusho wa dhahabu. Alipopitisha mwali wa mwanga ndani yake, njia ya mwali ikaonekana. Akajua dhahabu imo, ila imekuwa ndogo kupita uwezo wa jicho. Hakuwa akitafuta kipimo cha ugonjwa wowote. Alitaka kujua dhahabu na mwanga vinafanyiana nini, na udadisi huo leo unaokoa watoto wetu.

Burundi inachimba dhahabu Muyinga na Cibitoke na kuiuza kwa uzani. Kipimo kimoja hutumia dhahabu kidogo mno. Thamani yake imo katika elimu ya kuitengeneza na kuivika. Mbinu ya Turkevich haihitaji mashine kubwa, na mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Burundi anaweza kuifanya akipewa maabara safi na mwalimu mwenye muda. Kazi nayo ingalipo: nchini Eritrea na kwingineko wameonekana vimelea visivyotoa protini ile, hivyo vipimo vinahitaji shabaha mpya. Watafiti wa Bujumbura wanastahili kuwa miongoni mwa watakaoitafuta, na serikali ikiwapa maabara itakuwa imewekeza kwenye afya ya kila kaya.