Tour de France kwa mtu wa kawaida: namna ya kufuatilia mbio za wiki tatu bila kupotea

Wadau, kila ikifika Julai naulizwa swali lile lile. "Kaka, hivi unaangalia nini hapo? Watu wanaendesha baiskeli masaa manne, halafu aliyeshinda leo kesho hata hatajwi!"

Swali ni la haki kabisa. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikaa mbele ya TV nikimshangilia jamaa mmoja aliyekuwa peke yake mbele mchana kutwa. Nikajua ndiye huyo bingwa. Zikiwa zimebaki kilomita mbili tu, kundi zima likamfikia, likampita kama limesimama na shughuli. Nikazima TV kwa hasira. Nilichokuwa sijui ni kwamba yule jamaa hakuwa anashindania nilichodhani anashindania. Ukishaelewa hilo, umeelewa nusu ya mchezo. Basi hapa nimeweka mambo ya msingi sehemu moja, ili Julai ikifika usiniulize tena!

MBIO ZENYEWE NI ZIPI

Tour de France ilianza mwaka 1903. Iliandaliwa na gazeti la L'Auto lililotaka kuuza nakala nyingi, na mshindi wa kwanza alikuwa Maurice Garin. Mwaka ule zilikuwa hatua 6 tu, ndefu ajabu, nyingine zikianza usiku.

Siku hizi ni hatua 21 ndani ya siku 23, maana kuna siku mbili za mapumziko. Jumla ni kama kilomita 3,300 hadi 3,500. Kila timu huleta watu 8, na mwaka 2025 timu zilikuwa 23, yaani waendeshaji 184 mstari wa kuanzia.

Hatua ni za aina tatu kubwa: za tambarare, za milima, na za mbio dhidi ya saa ambapo kila mtu anaondoka peke yake na saa inamhesabia. Njia hubadilika kila mwaka. Kwa kawaida mwisho huwa Paris, barabara ya Champs-Élysées, tangu 1975. Mwaka 2024 tu walimalizia Nice, kwa sababu Paris ilikuwa inajiandaa na Olimpiki.

NANI ANAONGOZA?

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kila siku anahesabiwa muda aliotumia, na muda huo unajumlishwa na wa siku zilizopita. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayeongoza. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua Tour bila kushinda hatua hata moja, na mwingine akashinda hatua tano na asiwe hata kwenye hamsini bora.

Jambo lingine: wanaomaliza pamoja kwenye kundi moja wanapewa muda mmoja. Ndiyo maana siku ya tambarare vigogo hawahangaiki, wanakaa ndani ya kundi na kusubiri milima. Na hatua ya tambarare ukianguka ndani ya kilomita 3 za mwisho (hatua nyingine sasa ni hadi 5), unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo.

Usidharau sekunde. Mwaka 1989 Laurent Fignon wa Ufaransa aliingia siku ya mwisho akiwa mbele ya Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. Ilibaki mbio dhidi ya saa ya kilomita 24.5 tu. LeMond akashinda Tour kwa sekunde 8! Wiki tatu, zaidi ya kilomita 3,200, halafu sekunde 8. Na kwa akina mama, Tour de France Femmes ya 2024 Kasia Niewiadoma wa Poland aliichukua kwa sekunde 4, juu ya mlima Alpe d'Huez.

JEZI NNE ZA KUKARIRI

1. Ya njano: anayeongoza kwa muda wa jumla. Ilianza 1919. Gazeti la L'Auto lilikuwa linachapwa kwenye karatasi ya njano.

2. Ya kijani: pointi. Zinapatikana mwisho wa hatua na sehemu zilizowekwa njiani, na hatua za tambarare ndizo zenye pointi nyingi. Hii ni ya wale wenye mbio za kumalizia. Ilianza 1953.

3. Nyeupe yenye madoa mekundu: mfalme wa milima. Milima imepangwa madaraja, la 4 ndio rahisi, la 1 ni gumu, na juu yake kuna ile "isiyo na daraja" kwa ugumu wake. Jezi yenyewe ilianza 1975.

4. Nyeupe: kijana bora, wa miaka 25 kushuka chini.

Kwa hiyo kila siku ndani ya mbio moja kuna mbio kama tano hivi: ya kushinda hatua ya leo, ya njano, ya kijani, ya milima na ya vijana. Ukiona mtu anafanya kitu usichokielewa, jiulize kwanza: huyu anatafuta ipi?

UPEPO NDIO ADUI

Ukipita njia za wauza mkaa wanaoleta magunia mjini kwa baiskeli, utaona wanafuatana, mmoja nyuma ya mwingine. Na ukiwa mtoto wa mtaani ulishawahi kujibanza nyuma ya Fuso na baiskeli yako (usiseme kwa mama). Ni kanuni ile ile. Aliye nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi, inaweza kufika asilimia 20 hadi 40.

Kila kitu kwenye mchezo huu kinatoka hapo. Kiongozi wa timu anafichwa nyuma ya wenzake saba wanaomkatia upepo, wanamletea maji kutoka gari la timu, na akipata pancha mmoja anamvulia gurudumu lake. Hawa Wafaransa wanawaita "watumishi". Majina yao hutayasikia jukwaani, lakini hakuna bingwa asiye nao.

Hapo pia ndipo utamwelewa yule jamaa wangu wa mwanzo. Waliochomoka mapema wakiwa watano, kundi la watu 150 wakipokezana mbele ni lazima liwe na kasi kuliko wao likitaka. Kundi linawaacha wachoke, linawakamata karibu na mwisho. Wao wanajua. Wanajaribu kwa sababu siku moja moja kundi linakosea hesabu, na hatua moja ya Tour inabadilisha maisha ya mtu.

Na huko nyuma nako kuna vita. Kila hatua ina muda wa mwisho, unaopigwa kwa asilimia juu ya muda wa mshindi. Ukichelewa, unarudi nyumbani. Mark Cavendish, mkali wa mbio za kumalizia, alifungiwa nje namna hiyo milimani mwaka 2018. Watu wakasema kaisha. Mwaka 2024 akiwa na miaka 39 akashinda hatua yake ya 35, akavunja rekodi aliyokuwa analingana nayo na Eddy Merckx.

SISI TUNAINGIAJE HAPO?

Tena sana tu. Chris Froome, bingwa wa 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na aliyemfundisha baiskeli ni David Kinjah, mzee wa rasta wa Kikuyu, Kenya. Froome aliwahi kuvaa jezi ya Kenya kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola 2006 kabla ya kuhamia Uingereza.

Mwaka 2013 Daryl Impey wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa njano. Mwaka 2015 timu ya MTN-Qhubeka ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia Tour, na Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akavaa madoa mekundu.

Halafu akaja Biniam Girmay, kijana wa Asmara. Mwaka 2022 alishinda hatua ya mbio za Italia, akiwa jukwaani akifungua chupa ya ushangiliaji kizibo kikamfyatukia jichoni. Akatoka kwenye mashindano! Lakini Julai 1, 2024, mjini Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akaongeza mbili, na akamaliza na jezi ya kijani. Kwa akina mama, mwaka 2025 Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda hatua na kuvaa njano.

Sasa niambie tena kwamba huu si mchezo wetu.

NAMNA YA KUFUATILIA UKIWA NYUMBANI

Julai Ufaransa wako nyuma yetu saa moja. Hatua nyingi zinaanza kwetu kati ya saa 7 na saa 9 mchana na kuisha kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Huna haja ya kukaa masaa yote. Ushauri wangu:

- Asubuhi angalia ramani ya hatua. Mlima wa mwisho uko kilomita ngapi toka mwisho? Kama hakuna mlima, washa TV saa 11 na nusu jioni, inatosha.
- Siku ya milima anza mapema, maana vita inaweza kuanza kilomita 60 kabla.
- Soma namba mbili kwenye skrini: kilomita zilizobaki, na pengo kati ya waliochomoka na kundi. Kanuni ya wazee ni kwamba kundi likijipanga linaweza kula dakika moja kwa kila kilomita 10. Fanya hesabu mwenyewe, utaona raha yake.
- Chagua mtu mmoja ambaye sio bingwa, umfuatilie wiki zote tatu. Utaijua Tour kuliko anayemwangalia wa kwanza tu.

UKIBAHATIKA KUSIMAMA BARABARANI

Hakuna tiketi, hakuna ukuta. Hii ndiyo tofauti na mpira. Ndugu zetu mlioko Ufaransa na nchi za jirani, nendeni. Barabara hufungwa mapema, kwa hiyo wahi na maji na chakula. Kama masaa mawili kabla ya mbio unapita msafara wa magari ya matangazo, wanarusha kofia na peremende, watu wazima wanagombania kama watoto. Kwenye tambarare waendeshaji watapita chini ya dakika moja, fyuu, basi. Ukitaka kuwaona nyuso zao nenda mlimani, au siku ya mbio dhidi ya saa wanapopita mmoja mmoja.

Na huku kwetu ipo Tour du Rwanda, kila mwezi wa pili. Kigali ndiyo ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, na aliyeshinda mbio kubwa za wanaume ni Tadej Pogačar wa Slovenia, bingwa wa Tour wa 2020, 2021, 2024 na 2025.

Lakini jamani, kukosa ukuta ni dhamana. Juni 2021, siku ya kwanza kabisa ya Tour, shabiki mmoja alitokeza barabarani na bango la kuwasalimia bibi na babu yake, akitazama kamera badala ya baiskeli. Tony Martin akaligonga, makumi ya watu wakalala chini, wengine safari yao ikaishia hapo. Mahakama ikampiga faini ya euro 1,200. Mwaka 2016 kwenye Mont Ventoux watu walijaa hadi pikipiki ya kamera ikasimama ghafla, Froome akaanguka na baiskeli ikavunjika. Mkiona ile picha ya mtu mwenye jezi ya njano anapanda mlima kwa miguu mbio, ni siku hiyo.

Kwa hiyo: usikimbie pembeni yao, usiwashike, usiwape mgongo ili upige picha, na mtoto mshike mkono. Mtu ameandaa mwaka mzima, asiharibiwe na sisi.

NA DAWA JE?

Najua mtauliza. Ndiyo, mchezo una doa. Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yake yote saba ya 1999 hadi 2005, na miaka hiyo imeachwa bila mshindi. Siku hizi vipimo ni vingi zaidi, lakini shabiki mzoefu anashangilia jicho likiwa wazi. Mimi bado naangalia, kwa sababu ya yule anayeleta maji na yule anayekimbizana na muda wa mwisho huko nyuma. Nao wanamaliza Paris, hawajavaa jezi ya rangi yoyote.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mliowahi kusimama Kigali mbio zikipita, mtuambie ilikuwaje. Na kama kuna mahali nimeteleza, nisahihisheni, tunajifunza pamoja.