Kagera iliyopewa jina la mvua, wakati ziwa lilikuwa kavu

Na Mwandishi Wetu, Nkwenda

Mwalimu mstaafu wa jiografia aliyenipokea nyumbani kwake hapa Nkwenda, wilayani Kyerwa, hakuanza na maneno. Alianza na chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, na ndani yake alikuwa ametia vijiko vitatu vya udongo alioletewa kutoka ukingo wa Mto Kagera kule Murongo. Akaijaza maji, akaikaza kizibo, akaitikisa kama mtu anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu, kisha akaiweka mezani na kuniambia nitazame.

Mchanga ulitua kabla sijavuta pumzi ya pili. Kahawa haijamiminwa kikombeni, tope laini lilikuwa limejilaza juu ya mchanga, mkanda wa kijivu wenye unene wa ukucha. Juu yake maji yalibaki na wekundu. Mwalimu akasema huo ni mfinyanzi, na hautatua leo.

Mwanahisabati George Gabriel Stokes wa Cambridge aliliandika jambo hilo kwa hesabu mwaka 1851. Chembe ikiwa na upana mara mbili ya mwenzake, hushuka majini kwa kasi mara nne. Chembe ya mchanga yenye upana wa maikroni 200, yaani sehemu ya tano ya milimita, hushuka sentimita 10 kwa sekunde chache. Ya maikroni 20 huchukua kama dakika tano. Ya mfinyanzi, maikroni 2, huchukua karibu saa nane. Kwa hiyo anayeupima udongo wa chini ya maji anaweza kusema kama maji yaliyouleta yalikuwa yakikimbia au yamelala, hata kama maji hayo yalitoweka miaka elfu kumi iliyopita.

Nilimfuata mwalimu huyu kwa sababu mwaka 2026 inatimia miaka 30 tangu jarida la Science, katika toleo la Agosti 1996, lichapishe taarifa ya Thomas Johnson na wenzake kwamba Ziwa Victoria, Rweru la wazee wetu, liliwahi kukauka kabisa. Kwingine habari hiyo ilipokelewa kama habari ya samaki. Kwa watu wa Kagera ilipaswa kupokelewa kama hukumu ya kesi ya muda mrefu, kesi iliyoanzia kwenye mto unaopita nyuma ya vilima hivi. Mwalimu ana nakala yake, imechakaa kwenye mikunjo, na mengi ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwake na kwenye kurasa hizo.

Kesi hiyo aliifungua Edward James Wayland. Mwingereza huyu alifika Uganda mwaka 1919 kuanzisha idara ya uchunguzi wa miamba ya serikali ya kikoloni, akaiongoza kwa miaka ishirini. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kutafuta madini, lakini macho yake yalikuwa kwenye kokoto. Mwaka 1920 aliokota zana za mawe Sango Bay, karibu na Kagera inapoingia ziwani, na mpaka leo wataalamu wa mambo ya kale dunia nzima huita zana za aina hiyo Sangoan. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipanda na mto hadi Nsongezi, upande wa Uganda, ng'ambo ya ardhi ambayo sasa ni Kyerwa. Pale mto umekata ngazi katika udongo wake wenyewe. Moja ya ngazi hizo iko takriban mita 30 juu ya maji ya leo, na ndani yake, chini ya tabaka za mchanga na tope, umelala mkanda wa mawe na changarawe uliojaa mashoka ya mawe ya watu wa kale.

Wayland aliusoma ukuta ule kama mwalimu anavyoisoma chupa yake. Mawe makubwa yalimwambia mto ulikuwa na nguvu, na mto wenye nguvu ulimwambia mvua ilikuwa nyingi. Tope laini alilisoma kuwa ni maji yaliyotulia. Kisha akafanya jambo ambalo lingezua ugomvi wa miaka thelathini. Ulaya ilikuwa imekwisha kukubali kwamba barafu kuu ilishuka na kurudi mara kadhaa. Wayland akasema kwamba Ulaya ilipokuwa chini ya barafu, Afrika Mashariki ilikuwa chini ya mvua. Zama za barafu kule ndizo zama za mvua huku.

Fikra hiyo ilipendwa mno, na si vigumu kuona sababu. Iliwapa watafiti kalenda ya bure: huna haja ya kupima umri wa tabaka, linganisha tu mvua ya huku na barafu ya kule. Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliipeleka Kenya na kuongeza zama zake. Mkutano wa kwanza wa Afrika nzima kuhusu historia ya kale ulipoketi Nairobi mwaka 1947, orodha ilikubaliwa: zama nne za mvua, na ya kwanza kabisa, ya kale kuliko zote, ikaitwa Kageran. Jina la mto wetu likawa mwanzo wa kalenda ya bara zima. Mwalimu aliisoma orodha hiyo akiwa kijana chuoni na baadaye akaifundisha. Ananionyesha daftari lake la maandalio, wino wa bluu uliofifia, na neno Kageran limepigiwa mistari miwili chini.

Alikuwa akifundisha kitu kilichokwisha kupingwa. J. D. Solomon, mwanajiolojia aliyefanya kazi Uganda miaka ya 1930, tayari alikuwa ameonyesha shaka. Mwaka 1958 mwanajiolojia H. B. S. Cooke naye akapinga, na mwaka 1959 Richard Foster Flint wa Chuo Kikuu cha Yale, mtu aliyeitumia maisha yake kusoma masalia ya barafu, na ambaye alijua barafu inaacha nini na haiachi nini. Baada ya kuyapitia maeneo ya Afrika Mashariki, Flint aliandika kwamba ushahidi wa zama za Kageran hautoshi. Mwaka huohuo William Bishop, naye wa idara ileile aliyoiasisi Wayland, alionyesha kwamba mawe ya Mto Kafu ambayo Wayland aliyaita zana za kwanza za binadamu yalikuwa yamevunjika yenyewe.

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye kokoto. Mawe makubwa yanasema kweli kwamba maji yalikwenda kasi, lakini hayasemi kwa nini. Mto hukimbia mvua ikiwa nyingi, na hukimbia pia ardhi ikiinamishwa. Na hakuna ardhi iliyoinamishwa kama hii. Kagera na Katonga zamani zilitiririka kuelekea magharibi. Ukingo wa bonde la ufa ulipoinuka, mito hiyo iligeuzwa ikarudi mashariki, na maji yaliyokwama katikati ndiyo yakawa ziwa. Wayland mwenyewe aliandika kuhusu mito iliyogeuzwa, na hilo linanifanya nimheshimu hata pale alipokosea. Alikuwa ameshika majibu yote mawili mkononi, akalipa moja uzito kuliko mwenzake.

Mwaka 1965 wataalamu waliokutana Burg Wartenstein, Austria, walipendekeza majina hayo ya zama za mvua yaachwe. Kageran ikafutwa. Kwa namna ilivyofutwa, hakuna aliyekuja kumweleza mtu wa Murongo au wa Nkwenda kwamba jina la mto wake lilikuwa limepanda hadi kwenye vitabu vya dunia na sasa limeshushwa. Vitabu vya zamani viliendelea kukaa kwenye makabati ya shule, na walimu wakaendelea kuvifundisha kwa nia njema.

Kilichobaki ni kwenda kuliuliza ziwa lenyewe. Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke alitengeneza bomba jepesi la kutolea tope chini ya maziwa, akalieleza katika andiko la mwaka 1955, na kwa bomba la namna hiyo akatoa tope la Ziwa Mahoma katika milima ya Rwenzori, mahali ambapo barafu yetu wenyewe ilikuwa imefika na kurudi nyuma. Mwanafunzi wake Robert Kendall alichimba ghuba ya Pilkington upande wa Uganda na mwaka 1969 akaonyesha kwamba ziwa lilishuka sana mwishoni mwa zama za barafu, likawa halina pa kutokea. Wayland alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, 1966.

Halafu mwaka 1995 boti iitwayo Ibis ikaingia katikati ya ziwa. Johnson wa Minnesota alikuwamo katika timu hiyo pamoja na wenzake wa nchi kadhaa, akiwamo Immaculate Ssemmanda wa Makerere. Kwanza walipiga sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake ukirudi kutoka ndani ya tope. Mwangwi ulionyesha tabaka moja gumu lililotandazwa kila walikopita, hata kwenye vilindi vya ziwa. Wakashusha mabomba. Juu kulikuwa na tope laini la ziwa, mita kwa mita. Chini yake tope likaisha ghafla, na bomba likagonga udongo mkavu uliobanana, wenye vijizizi vya mimea ndani yake. Udongo wa aina hiyo haujengeki majini. Pale chini ya maji ya leo palikuwa mbuga, na nyasi zilikuwa zimeota.

Umri ulipopimwa, ukavu ule uliangukia mwishoni mwa zama za barafu, na ziwa likaanza kujaa tena kama miaka 14,500 iliyopita. Barafu ya kule ilipokuwa na nguvu, Kagera ilikuwa inakufa kwa kiu. Ni kinyume kabisa cha kile kilichoandikwa kwa jina lake.

Sehemu ninayoipenda zaidi ya habari hii ilitoka mbali na hapa. Mwaka 1988 Mjerumani Hartmut Heinrich alichapisha hesabu ya chembe. Alikuwa na miche ya tope, yaani nguzo nyembamba za tope zitolewazo kwa bomba, kutoka chini ya Atlantiki ya kaskazini-mashariki, akaichekecha na kuhesabu chembe za maikroni 180 kwenda juu. Tope la katikati ya bahari ni laini, maana mchanga wa mito hutua karibu na pwani na haufiki huko. Lakini katika miche ile, tabaka kwa tabaka, zilijitokeza chembe kubwa, kama kukuta kijiwe ndani ya uji. Chembe hizo zilifikaje mbali hivyo?

Barafu haina chekeche. Maji huchagua, yakaacha kizito na kubeba chepesi, lakini barafu inayotambaa juu ya nchi hukwangua yote, jiwe la ukubwa wa nyumba na unga wa mwamba mwororo kuliko wa muhogo, ikayabeba pamoja. Ikifika baharini humeguka, vipande huelea, na vikiyeyuka mzigo wote huanguka chini. Ndiyo maana wanaosoma pwani za Greenland, Norway na Antaktika huupasua mche wa tope kwa urefu, hukata sampuli sentimita kwa sentimita, huunguza mabaki ya viumbe kwa haidrojeni peroksaidi, huyaosha kwenye chekeche la matundu ya maikroni 63, na kilichobaki juu hukihesabu chini ya hadubini. Chembe kubwa zikiongezeka, milima ya barafu ilipita hapo juu. Siku hizi mashine za leza hupima zile laini kwa dakika chache, lakini chekeche lingali mezani.

Tabaka za Heinrich, kama zilivyokuja kuitwa, zinaonyesha nyakati ambapo barafu ya Amerika Kaskazini ilimwagika baharini kwa wingi. La mwisho kati ya yale makubwa lina umri wa kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi. Maji baridi yasiyo na chumvi yaliyotokana na kuyeyuka yalidhoofisha mkondo wa Atlantiki unaopeleka joto kaskazini, na mvua za tropiki zikavurugika. Mwaka 2011 Curt Stager na wenzake waliziweka pamoja kumbukumbu za Afrika na Asia katika jarida lilelile la Science: Ziwa Victoria lilikauka, Ziwa Tana la Ethiopia lilikauka, katika kipindi hichohicho cha chembe kubwa za Atlantiki. Wayland alikuwa sahihi kwamba barafu ya kaskazini na maji ya Kagera vina uhusiano, ila aliushika kwa upande usio wake.

Wapo waliokataa. Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki, hakukubali kwamba mamia ya aina za furu, samaki wa ziwa hili, zingeweza kuzuka ndani ya muda mfupi hivyo tangu ziwa lijae tena, akadai maji yalibaki mahali fulani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern walichimba upya, na miche yao ikasema lilelile, kwamba ziwa lilikauka.

Kwetu Kyerwa, tangu hapo, ni kimya. Murongo kuna mpaka, kuna mtambo wa umeme wa megawati 14 uliojengwa kwa ushirikiano wetu na Uganda, na kwenye kingo za mto kuna Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa tangu 2019. Sikuona kibao chochote cha kumwambia mgeni kwamba ng'ambo ya maji kuna ukuta uliowagombanisha wanajiolojia wa dunia. Miche mingi iliyotolewa kwenye maziwa yetu imelala kwenye majokofu ya ng'ambo. Mimi naona aibu hiyo ni yetu. Mche mmoja wa mita moja, umepasuliwa na kufunikwa kwa kioo, ungetosha kwa shule zote za wilaya hii, na mtoto angeweka kidole mahali ambapo ziwa linaisha na nyasi zinaanza.

Mwalimu hajasubiri. Kwenye daftari lake, juu ya neno Kageran, amepiga mstari kwa penseli na kuandika pembeni mwaka 1996. Jioni nilipoaga, maji ya juu ya chupa yalikuwa bado mekundu. Alikuwa amebandika karatasi ubavuni, imeandikwa Murongo, tarehe na saa aliyoitikisa, na wajukuu wameonywa wasiiguse hadi asubuhi.