Kifundo cha Mguu Kilichounganishwa: Upasuaji Ulioanza Ili Mtu Atembee

Leo tunazungumzia upasuaji unaowatia watu wengi hofu: kuunganisha mifupa ya kifundo cha mguu. Daktari anaposema kwamba kifundo kitaunganishwa na hakitakunja tena, jamaa wengi hushika neno moja tu, "hakitakunja". Wakifika nyumbani huanza kumtayarishia mgonjwa kiti cha kukalia maisha yake yote. Ukiijua historia ya upasuaji huu, utaona kwamba kufanya hivyo ni kwenda kinyume na nia yake. Ulibuniwa ili aliyekaa asimame, na aliyekuwa akichechemea kwa maumivu atembee.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Kifundo ni pale mifupa ya sehemu ya chini ya mguu inapokutana na mfupa wa juu wa wayo. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu, utando mgumu lakini laini unaoiwezesha mifupa kuteleza. Gegedu likilika, mfupa husugua mfupa, na kila hatua huwa mateso. Daktari mpasuaji huondoa gegedu lililobaki, huweka wayo na mguu katika umbo la herufi L, kisha huibana mifupa ili ishikane iwe mmoja. Mahali pasipo na mwendo hapasuguani, na pasiposuguana maumivu hupungua sana au huisha.

Jambo hili lilianzia mbali. Karibu na mwaka 1879, daktari Eduard Albert alimhudumia mtoto wa miaka 14 ambaye miguu yake ilikuwa imepooza. Miguu ilining'inia tu, haikuweza kumbeba. Albert aliunganisha viungo vyake ili miguu iwe imara kama nguzo. Zingatia, mama, kwamba wakati huo picha ya eksirei haikuwapo. Iligunduliwa mwaka 1895. Dawa za kuua viini ndizo kwanza zilikuwa zimeanza kutumika katika upasuaji, kufuatia kazi ya Joseph Lister wa Uingereza mwaka 1867. Daktari na mgonjwa walikubali hatari hiyo yote kwa ajili ya jambo moja: kusimama.

Kwa miaka mingi baadaye, shida kubwa ilikuwa kuifanya mifupa ishikane. Mgonjwa alikaa katika plasta kwa muda mrefu, na mara nyingine mifupa ilikataa kuungana. Mwaka 1951 daktari wa Uingereza John Charnley alieleza njia ya kuibana mifupa kwa nguvu, kwa vyuma vilivyopenyezwa mfupani na kukazwa upande wa nje wa mguu. Ni huyo huyo ambaye miaka ya 1960 alipata sifa duniani kwa nyonga bandia. Siku hizi mara nyingi skrubu au bamba la chuma huwekwa ndani, lakini kanuni ni ile ile: mfupa ubanwe, utulie, upewe muda.

Sasa tuje kwetu Nairobi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 tu. Baadaye ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya Uhuru ikaitwa Kenyatta. Ukitoka katikati ya jiji kwa barabara ya Waiyaki Way kuelekea Kangemi, kuna kiwanja ambacho hadi leo kinaitwa Kabete Orthopaedic, jina linalokumbusha huduma ya mifupa na viungo upande huo wa jiji. Barabara hiyo hiyo ndiko yaliko makao ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kilichoanzishwa mwaka 1958.

Katika miaka hiyo polio ilikuwa ikiwapooza watoto wengi. Mtoto wa namna hiyo alihitaji vyuma vya kushikilia mguu, viatu maalumu, magongo na mazoezi. Wengine, walipokua, walihitaji kuunganishwa mifupa ya wayo au kifundo ili mguu uliolegea uweze kubeba mwili. Madaktari hungoja mtoto akue kwanza, kwa sababu mfupa wake hurefuka kutoka karibu na ncha zake. Ukiunganishwa mapema mno, mguu unaweza kubaki mfupi.

Chanjo ndiyo iliyobadilisha mambo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa mwaka 1980. Polio iliyotoka nje iliingia tena nchini mwaka 2006 na mwaka 2013, na mwaka 2020 bara la Afrika likatangazwa kuwa halina tena virusi vya asili vya polio. Hata hivyo, mama, usiache kumpeleka mtoto kliniki. Ushindi huo huhifadhiwa kwa kila tone la chanjo.

Lakini polio ilipopungua, vifundo havikupona vyote. Adui mwingine yuko barabarani. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikaongezeka kila mtaa. Kifundo kikipondwa katika ajali, mfupa unaweza kupona huku gegedu likiwa limeharibika. Miaka kadhaa baadaye maumivu huanza. Ajali na majeraha ya zamani ndiyo chanzo kikubwa cha kulika kwa kifundo duniani. Ndiyo sababu leo anayeunganishwa kifundo anaweza kuwa kijana wa bodaboda, mama wa sokoni, au baba aliyevunjika mguu zamani akadhani yamekwisha.

Historia hii inatufunza mambo mawili: kungoja, na kisha kwenda. Anayekosea lolote kati ya hayo mawili humdhuru mgonjwa.

Kungoja kwanza. Kwa kawaida mgonjwa hakanyagi kabisa majuma 6 ya kwanza au zaidi, kwa kadiri daktari atakavyoagiza. Mfupa kushikana vizuri huweza kuchukua miezi 3 au 4, wakati mwingine zaidi. Usimhurumie ukamwambia akanyage kidogo tu aende msalani. Mpe magongo, umsaidie. Anapolala, mwinulie mguu juu ya mto. Vidole vya mguu, goti, nyonga na mikono viendelee kufanya mazoezi kila siku, kwa maana mwili usiotumika hudhoofika upesi. Mpe maziwa, omena, maharagwe na mboga za majani. Kama anavuta sigara, aache, kwani sigara huzuia mifupa kuungana. Mwenye kisukari atunze sukari yake.

Kisha kwenda. Eksirei ikionyesha kwamba mfupa umeshikana na daktari akaruhusu, sasa kumkalisha ndiyo hatari. Viungo vingine vya wayo bado vinakunja, na hivyo ndivyo vinavyosaidia mwendo. Hatua itakuwa fupi kidogo, lakini itakuwa hatua. Wengi hurudi kazini, huendesha baiskeli, huogelea na kutembea masafa marefu. Aanze na njia tambarare, dakika 5 au 10, akiongeza kidogo kidogo. Miteremko ya Kangemi wakati wa mvua si mahali pa kuanzia. Afadhali njia zilizo sawa za Uhuru Park, au katika bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na Ikulu. Achague humo sehemu zisizo na mteremko.

Kuna mambo ya nyumbani yasiyosemwa sana hospitalini. Kuchuchumaa kunahitaji kifundo kinachokunja, kwa hiyo choo cha shimo kitampa taabu. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Anayepiga magoti au kusujudu anaposali anaweza kuswali au kuomba akiwa ameketi kitini. Kufua na kuosha vyombo kufanyike kwenye meza au benchi. Akipanda matatu ya 46 ya Kawangware, atangulize mguu mzima; akishuka, atangulize mguu uliopasuliwa, na kondakta aambiwe asubiri. Usione haya kumwambia.

Viatu navyo vina kazi. Kiatu kirefu cha kisigino hakifai, kwa sababu wayo umefungwa katika pembe moja. Kiatu chenye soli iliyopinda kidogo mbele na kisigino laini humsaidia kuviringisha hatua badala ya kuikunja. Uliza karakana ya viatu na vifaa vya viungo hospitalini au APDK.

Mipaka pia ipo. Kukimbia sana, kuruka kamba na mpira wa kugongana havifai. Viungo vya jirani hubeba kazi ya kile kilichofungwa, na baada ya miaka mingi vinaweza navyo kulika. Ndiyo sababu uzito wa mwili upunguzwe na mazoezi yawe ya upole, lakini ya kila siku.

Mrudishe mgonjwa hospitalini haraka ukiona vidole vimekuwa vya buluu au baridi ndani ya plasta, usaha, homa, maumivu yanayozidi, au shavu la mguu limevimba na kuuma. Akishindwa kupumua au akishikwa na maumivu ya kifua, usingoje hata asubuhi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kifundo kimoja kufungwa si mwisho wa safari. Yule mtoto wa miaka 14 hakufungwa viungo ili akae. Basi nawe, mama, muda wa kungoja ukiisha na daktari akiruhusu, ondoa kile kiti karibu na mlango, mpe mkono wako, mtoke pamoja hadi kwenye kona ya mtaa na kurudi. Kesho mfike mbele kidogo.

Kumbuka haya:
1. Asikanyage kabla daktari hajaruhusu.
2. Akiruhusiwa, asikalishwe.
3. Tembea, ogelea, endesha baiskeli. Usiruke wala kukimbia sana.
4. Viatu vinavyofaa, kiti cha chooni, na mguu mzima mbele unapopanda.
5. Dalili mbaya zikitokea, hospitali mara moja.